Shahidi wa Kiini Kongwe

Nyumbani kwa Bi Lebo huwezi kutia chumvi kwenye chai ukidhani ni sukari. Kila kopo lina karatasi yake, na kila karatasi inasema kilichomo, kilikotoka na lini kiliingia. Mumewe ni seremala, na mtaa mzima humwita Fundi, mke wake naye akiwemo. Yeye ndiye aliyemtungia mkewe jina la Bi Lebo wiki ile ile waliyooana, siku alipokuta hata ndoo za kufulia zimeandikwa. Alidhani ni utani wa siku moja. Jina likaganda, na mwenyewe akalipenda, kwa sababu huyu mwanamke hakuwa na haya hata chembe kuhusu kipaji chake. Alijua kuvipa vitu majina, na alijua kwamba anajua.

Kazi yake ilikuwa ya kompyuta, lakini si ya kuziuza wala ya kukausha zilizomwagikiwa maji. Alikuwa mmoja wa watunzaji wa mfumo huria, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta usiouzwa. Mtu anauchukua bure, anaufungua, anachungulia ndani, na akiona kasoro anairekebisha na kuwapa wenzake. Watunzaji wake walitawanyika huku na kule. Wengi hawakuwahi kupeana mkono, ila walikutana kwenye baraza lao la barua pepe, wakataniana humo, wakanuniana na kupatana bila kuonana sura. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Ya Bi Lebo ilikuwa kiini.

Kiini ndicho kinachowaka kwanza. Ndicho kinachozungumza na vyuma vyenyewe: kibodi, skrini, diski na kebo zote zinazoingia kwa nyuma. Kikigoma, mengine yote ni mapambo. Humfikia mtumiaji kikiwa ndani ya kifurushi, na kifurushi lazima kiwe na jina, na hapo ndipo watu wa kawaida husinzia na Bi Lebo huchangamka. Jina lilibeba namba ya toleo na aina ya mashine: kiini-41-seva kwa mitambo mikubwa ya maofisini, kiini-41-mezani kwa kompyuta za kila siku, na kadhalika. Namba iliwekwa ndani ya jina kwa makusudi. Ingekuwa nje, kiini kipya kingeingia na kukifuta cha zamani. Ikiwa ndani, 41 na 42 vinakaa pamoja kwenye diski bila kugombana, na siku kipya kikileta matata, mtu anawasha upya na kuchagua cha zamani.

Juu ya vyote kulikuwa na kielekezi. Hicho ni kifurushi kitupu, hakina kitu ndani ila agizo: kiini kipya cha aina yako ni kile pale, kichukue. Mwenye kielekezi hana haja ya kukumbuka namba wala aina. Anaandika "sasisha", anaendelea na mambo yake.

Aliyemtangulia Bi Lebo kwenye kazi hiyo aliiacha akaenda kufuga nyuki, na kwa jinsi alivyoyaacha mambo, nyuki walimzidi kwa mpangilio. Aina zilizagaa ovyo. Nyingine zilikuwa na majina mawili, nyingine zilikuwa na jina lakini ndani hamna kitu. Bi Lebo alitumia mwaka mzima kuzipanga, ndani ya chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya mbao, kwenye meza aliyochongewa na mumewe. Aliunganisha aina zilizofanana na kufuta zilizokufa. Vile vijiprogramu vinavyoitwa viendeshi, vya kuongoza vifaa vya kizamani, alivitoa ndani ya kiini na kuvihamishia kwenye kifurushi cha pembeni alichokiita "ziada", ili kiini kibaki chepesi. Ilikuwa kazi safi, na ingetoka kwa mara ya kwanza pamoja na kiini 42. Asubuhi nyingine aliifungua aitazame tu, bila kugusa kitu, halafu akaenda kupika chai.

Palibaki uchafu mmoja, nao ni kongwe. Hiyo ilikuwa aina ya mashine za zamani sana, ambazo hata waliozitengeneza wameacha kuzitaja. Kujenga kiini cha kongwe kulikula mchana mzima, na mara nyingi kilikwama njiani, na kikikwama toleo zima lilisubiri. Bi Lebo alikichukia waziwazi.

"Hiki kizee kitanizika mimi kabla sijakizika," alimwambia Fundi.

Lakini baraza lilikuwa na desturi yake, na ilikuwa ya siku nyingi kuliko watunzaji wote waliobaki: aina haifutwi kama yuko shahidi. Shahidi ni mtu anayejitokeza na mashine hai, inayotumia aina hiyo kwa kazi ya kweli, na anayekubali kujaribu kila kiini kipya kabla hakijatoka, kisha aseme mbele ya wote kama kinafanya kazi au hakifanyi. Shahidi mmoja anatosha. Na mtunzaji wa kiini haruhusiwi kujishuhudia mwenyewe, maana mganga hajigangi.

Basi Bi Lebo akatoa tangazo: mwenye mashine ya kongwe ajitokeze kabla ya Ijumaa. Pakawa kimya. Hata wale wanaojibu kila barua, pamoja na zisizowahusu, hawakusema neno. Msimamizi wa kutoa matoleo, waliyemwita Bwana Toleo, mtu aliyezungumza kama anayefukuzwa, alimpigia simu akiwa na furaha tele.

"Hakuna hata mmoja! Ijumaa tunaizika hiyo."

"Labda hawajaliona tangazo."

"Asiyekuwepo na lake halipo, Bi Lebo. Si wewe mwenyewe uliyekuwa ukitupigia kelele kuhusu hiyo kongwe?"

Alicheka, akakubali. Sitamtetea hapa. Alikubali kwa moyo mweupe kabisa, na siku hiyo alishinda akiimba.

Jumatano alikwenda kwa dada yake mkubwa.

Mtaa ulimwita Mama Sweta, kwa sababu chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa karakana ya kufuma sweta za shule. Wazazi wao walifariki Bi Lebo akiwa bado mtoto wa kushikwa mkono, na Dada ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa sweta hizo, mwanzo kwa sindano za mkono, baadaye kwa mashine. Mashine yenyewe ilikuwa ndefu kama kitanda, sindano zimejipanga toka mwanzo mpaka mwisho, na iliongozwa na kompyuta ya kizamani iliyokaa pembeni imefunikwa kitambaa. Kebo ya mashine iliingia kwenye kadi pana iliyochomekwa ndani ya kompyuta hiyo, kadi ya namna ambayo kompyuta za leo hazina hata tundu lake. Ndiyo maana kompyuta ile haikubadilishwa. Ingebadilishwa, mashine ya kufuma ingegeuka kuwa meza ya kuwekea nguo.

Kompyuta hiyo haikuwa na mtandao, kwa hiyo Bi Lebo alikuja na fleshi kila baada ya muda kuisasisha. Asingeweza kuiacha hivi hivi. Kila shule ilileta nembo yake kwenye fleshi, na fleshi za shule hubeba uchafu wa kila aina; kompyuta isiyosasishwa inayopokea fleshi za kila mtu ni mlango usio na komeo. Alichomeka, akaandika "sasisha", kielekezi kikafanya kazi yake, naye akapiga soga na Dada. Siku zote ilikuwa hivyo. Ila siku hiyo Dada alikuwa anashona vifungo, uzi uko mdomoni, hana nafasi ya soga. Kwa kukosa la kufanya, Bi Lebo akasoma skrini.

Mstari wa mwisho uliandikwa kiini-41-kongwe.

Alisoma tena. Akasogeza kiti, akasoma mara nyingine.

"Mbona umeganda?" Dada aliuliza, uzi ukiwa bado mdomoni. "Imekufa?"

"Haijafa, Dada. Iko hai."

"Basi acha kuiangalia kama marehemu."

Nyani haoni kundule. Mtunza majina wa mfumo mzima, mtu anayeandika hata ndoo, hajawahi kusoma jina la kiini kwenye mashine anayoihudumia kwa mikono yake mwenyewe. Kielekezi alikipanga ili watu wasihitaji kujua, na wa kwanza kutojua akawa yeye. Aliona aibu, ile aibu inayopanda mpaka masikioni. Alitoa fleshi, akaaga haraka, na njiani alisalimiwa na watu ambao hakuwaitikia.

Alimkuta Fundi karakanani kwake, ameinamia ubao, randa mkononi. Alimweleza yote bila kukaa.

"Naweza kunyamaza," alisema. "Ijumaa ni keshokutwa. Mashine ya Dada haitazimika. Itabaki na hiyo 41 yake tu, haitapata nyingine."

"Na zile fleshi za shule?"

"Nitamwambia asizipokee."

"Umwambie shemeji asipokee kazi za shule?" Fundi alicheka mpaka akaiweka randa chini. "Nenda kamwambie. Mimi nitakuwa nimesafiri."

"Mwaka mzima, Fundi! Nimepanga mwaka mzima, na sasa kila kitu kinakaa mahali pake."

"Sikatai. Mimi pia nimewahi kuchonga kabati zuri sana, halikupita mlangoni."

"Ukafanyaje?"

"Nilipunguza kabati. Ulitaka nivunje nyumba ya mteja?"

Bi Lebo alimkasirikia, kwa sababu alikuwa amekuja kutafuta mtu wa kumhurumia. Alirudi chumba cha nyuma, akaketi mbele ya kazi yake safi, na kwa mara ya kwanza haikumfurahisha. Hakuwa mtu wa kuzunguka jambo. Alhamisi asubuhi alijipiga moyo konde na kurudi kwa Dada.

Mashine ilikuwa inafuma, inakwenda na kurudi kwa kishindo. Alisimama karibu ili asikike.

"Dada, kiini kilichomo kwenye kompyuta yako kinaitwa kongwe, na kesho kitafutwa. Kikifutwa, hutapata tena masasisho. Lakini ukikubali kuwa shahidi wake, hakifutwi."

"Nani anayekifuta?"

Angeweza kusema ni baraza. Isingekuwa hata uongo.

"Mimi."

Dada alibonyeza swichi na kuisimamisha mashine katikati ya mstari, kitu ambacho hafanyi kamwe, kwa sababu huacha alama kwenye sweta.

"Wewe."

"Ndiyo, Dada."

"Ulijua kimo humu?"

"Sikujua. Sikuangalia."

"Hukuangalia." Dada alilirudia neno hilo polepole. "Unakuja hapa, unakaa kwenye kiti changu, unachomeka fleshi yako. Mashine iliyokusomesha, na hukuangalia."

Dada aliuliza kazi ya shahidi ni nini, akaelezwa. Aliuliza kiini kikikataa anafanyaje, akaonyeshwa ule ukurasa unaotokea kompyuta inapowaka, majina ya viini yamepangwa, chagua kimoja, bonyeza. Alisikiliza kama anavyowasikiliza wauza uzi.

"Nitakuwa shahidi," alisema. "Lakini kikija kibovu nitasema ni kibovu, mbele ya hao watu wako. Sitakusitiri."

"Usinisitiri, Dada."

Aliwasha mashine. Siku zote alikuwa akimsindikiza mdogo wake mpaka barabarani, hata akiwa na kazi nyingi. Siku hiyo hakunyanyuka.

Ijumaa Bi Lebo aliliandikia baraza kwamba shahidi amepatikana, jina na anwani hizi hapa, na kongwe inabaki. Bwana Toleo alipiga simu kabla hajamaliza hata kunyoosha mgongo.

"Umetafuta shahidi wewe mwenyewe? Uliyetaka ifutwe?"

"Nimemkuta. Mashine ni hai, kazi ni ya kweli. Desturi ni desturi."

"Kwa hiyo tunaendelea kusubiri hicho kizee?"

"Tunasubiri. Tena kiite kwa jina lake."

Hapo alikuwa amerudi kuwa Bi Lebo, angalau kazini. Aliirudisha kongwe kwenye mpangilio, akaupunguza huku na kule mpaka kongwe ikapata nafasi, na alikiri mwenyewe kwamba haukuharibika sana. Kwa Dada mambo yalikuwa mengine. Alipopiga simu alijibiwa "nzuri", na "hatujambo", na "nina kazi". Kati ya wale ndugu wawili hakujawahi kuwa na simu fupi namna hiyo, na zilimuuma kuliko kama angetukanwa.

Kiini 42 kilipokuwa tayari kwa majaribio, Bi Lebo alikipeleka kwa Dada kwenye fleshi, siku moja kabla ya toleo kutoka. Alinyoosha mkono kwenye kibodi kama alivyozoea.

"Weka hapo mezani," Dada alisema. "Shahidi ni nani, mimi au wewe?"

Akaiweka, akaondoka. Alasiri ile ile, barua iliingia barazani kutoka kwenye simu ya Dada. Watu wa baraza lile huandika ripoti ndefu, zenye salamu, utangulizi na mashaka. Hii haikuwa na kimoja kati ya hivyo.

"Kiini-42-kongwe kimewaka lakini mashine ya kufuma hakiioni. Nimezima, nimewasha, nimechagua kiini-41-kongwe, sasa inafuma. Hiki kipya ni kibovu. Msikitoe."

Bi Lebo aliisoma akiwa amesimama. Kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa fahari, hata akaona aibu kidogo kwa fahari hiyo. Dada hakumpigia simu. Kompyuta ilimgomea katikati ya kazi, akaangalia majina, akajua lipi ni lipi, akachagua, akaendelea kufuma. Majina yalifanya kile ambacho Bi Lebo aliwaambia watu miaka yote kwamba majina hufanya.

Kisha akafikiria ile kadi pana, na fahari ikakatika.

Kiendeshi cha kadi ile kilikuwa kwenye ziada. Yeye ndiye aliyekihamisha. Alifungua kielekezi cha kongwe akasoma agizo lake: chukua kiini. Basi. Hakuna mahali palipoandikwa chukua na ziada. Akafungua kielekezi cha seva, hakikuandikwa. Cha mezani, hakikuandikwa. Alikuwa amehamisha mzigo akasahau kumwambia mpagazi. Kesho yake toleo lingetoka, watu kila mahali wangeandika "sasisha", na vifaa vya zamani vingekaa kimya bila kueleza sababu: mashine za risiti madukani, mizani, vipimo vya maabara. Na wengi wasingejua pa kulalamika.

Alimpigia Bwana Toleo.

"Simamisha toleo."

"Nimesoma. Lakini ni mashine moja ya sweta, Bi Lebo. Tutaitengeneza wiki ijayo."

"Si moja. Ni aina zote. Nilihamisha viendeshi, nikasahau vielekezi."

"Watu wanasubiri kesho!"

"Watasubiri keshokutwa. Au utapenda kupokea simu zao wakishasasisha?"

Bwana Toleo alivuta pumzi, akasimamisha toleo. Ni mtu wa haraka, si mjinga.

Ilibaki kuwaambia wengine. Kazi hii ina lugha yake ya kukiri bila kukiri: kasoro imebainika, hatua zinachukuliwa, kana kwamba kasoro ilikuja yenyewe kwa miguu ikagonga hodi. Bi Lebo aliijua lugha hiyo vizuri, na aliwahi kuitumia. Alianza kuandika hivyo, akafuta.

Aliandika: "Toleo limesimama. Nilivihamisha viendeshi kwenda ziada na sikukiagiza kielekezi kivichukue. Kosa ni langu. Ameliona shahidi wa kongwe, aina ambayo nilitaka kuifuta bila kuangalia anayeitumia ni nani. Shahidi huyo ni dada yangu. Mashine yake ndiyo iliyonisomesha."

Akatuma kabla hajajionea huruma. Kisha akakaa kurekebisha vielekezi, kimoja baada ya kingine, kazi ya mistari michache tu ambayo aliikagua kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Alipomaliza na kuanza kunakili viini vipya kwenye fleshi, simu ikaita. Ilikuwa Dada.

"Nimesoma," Dada alisema.

"Umesoma nini, Dada?"

"Ulichoandika. Si mmeniingiza kwenye hilo baraza lenu? Kimekuja kwenye simu yangu. Watu nisiowajua wananishukuru, mmoja ananiita mheshimiwa."

Bi Lebo aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Wameisoma wote?"

"Wote, Dada."

"Mpaka ile ya kunifuta?"

"Mpaka hiyo."

Upande wa pili mashine ilisikika ikienda na kurudi, ikaenda na kurudi tena. Kisha Dada akakohoa kidogo.

"Fundi amekula?"

"Bado."

"Basi usipike. Njooni nyote wawili mle kwangu. Na hiyo fleshi uliyoitengeneza uje nayo, nina sweta za watu hapa."

Bi Lebo aliitika, akakata simu, akalia pale pale mezani. Kisha akanawa uso, akachukua fleshi, akaenda kumwambia Fundi avue aproni.